Kaji ya Samaki wa Arusi

Wadogo wangu, munisamehe kwanza kwa mwandiko uliopinda na makosa ya herufi. Niliishia masomo ya primeri, na mukono wangu haupendi haraka. Kusema mbele ya watu ninaona haya, ndiyo sababu ninaandika.

Kuna siku moja haijanitoka kichwani. Tulikuwa pembeni ya ziwa, hapa Goma, kwa muzee Bahati, mukubwa wa papa yangu. Anafuga tilapia ndani ya kaji mbili, ni kusema nyumba za nyavu zinazoelea majini. Mwaka uliotangulia ugonjwa uliingia: samaki wakazunguka kama walevi, macho yakawatoka, kisha wakaelea tumbo juu. Munganga wa nyama, ni kusema daktari wa mifugo, mama mumoja mupole, alitoa mikrobe, kadudu ka ugonjwa, ndani ya ubongo wa wale wagonjwa, akaiua, akatengeneza nayo chanjo ya kujaribu.

Siku hiyo alikuja nayo. Tuliwalaza samaki wadogo kwa dawa ya usingizi, naye akawadunga tumboni, mumoja mumoja. Alidunga wa kaji moja tu. Kaji ya pili, ambayo hakuidunga, ilikuwa na samaki wa arusi ya Furaha, binti wa muzee.

«Papa, wakwe zangu watakula nini hawa wakifa?»

«Maharagi,» muzee akajibu. «Maharagi hayaugui.»

Watu wakacheka. Mimi nilimuhurumia Furaha, nikamunong'oneza muzee tuombe wadungwe wote. Akatikisa kichwa.

«Mutoto wangu, tukidunga wote na wote wakaishi, tutajua namna gani kama ni chanjo, ao ni ugonjwa haukupita huku?»

Mvua ilipoanza, ugonjwa ukapita huku kweli. Samaki wa kaji ya arusi wakaanza kuzunguka, kila asubuhi tukitoa maiti. Kwa waliodungwa walikufa pia, lakini wachache. Majirani wanaofuga samaki walipokuja kuona, nilisogeza beseni la wale wachache nyuma ya mulango. Muzee akalirudisha mbele yao. «Mficha ugonjwa, kilio kinamuumbua,» akaniambia. Kisha akamupa munganga wale waliodungwa wakafa, atafute mahali chanjo iliposhindwa.

Kwenye arusi tulikula maharagi na sombe, majani ya muhogo. Furaha alicheka, kisha akalia kidogo.

Leo yeye na bwana yake wana kaji zao. Munganga aliporudi na chanjo aliyoitengeneza upya, aliuliza nani ataacha kaji moja bila kudungwa. Watu wote waliangalia chini. Furaha ndiye aliinua mukono.

Mudogo wangu, ukijaribu kitu kipya, kiachie nafasi ya kukukatalia. Kikikukatalia kidogo, kiseme hicho kidogo, usikisogeze nyuma ya mulango.

Mungu awape maji safi, nyavu nzima, na ulimi usioogopa kusema «bado sijui».

Kama kwenu munafuga samaki, muniandikie munafanya namna gani. Nitajibu, hata kama polepole.