Nusu ya Shangazi

Baba yangu alikuwa akikata kidonge chake kwa wembe, juu ya mfuniko wa sufuria, kila asubuhi baada ya sala. Nusu aliimeza. Nusu nyingine aliifunga kwenye kipande cha karatasi na kuiweka nyuma ya redio. Nilipomfuma nilidhani ni uzee. Nikamuuliza ile nusu ni ya nani, akanijibu bila kuinua macho: "Ya yaya." Yaani dada yake mkubwa, shangazi yangu, anayevuka mpaka kutoka Bukavu kuja kwetu Kamembe na beseni la sambaza, vile visamaki vya ziwani, kichwani.

Nilitaka kumpiga. Nasema kama ilivyokuwa: mtu mzima, baba yangu mzazi, nilitaka kumpiga.

Figo zake zilikuwa zimechoka, na figo zikichoka damu hupungua. Daktari wetu wa Kamembe, ambaye naye alikulia Bukavu kama sisi, alitueleza kwa subira. Mwilini kuna kimeng'enya kinachopima oksijeni. Oksijeni ikitosha, kimeng'enya hicho huzuia amri ya kutengeneza damu. Oksijeni ikipungua, kinalegea, amri inapita. Kile kidonge hukifunga kimeng'enya mikono. Mwili unadhani umepanda mlimani kwenye hewa haba, unaanza kutengeneza damu kwa bidii. "Tunaudanganya," alisema, "lakini kwa faida yake."

Kisha akampapasa baba shingo, kwapa na tumbo, akitafuta uvimbe. Kansa nayo, alisema, hutumia amri hiyohiyo kujiitia mishipa ya damu. Wataalamu bado wanachunguza kama kukipima kimeng'enya hicho kunaweza kuonyesha mapema kansa ya nani itakuwa kali. Mpaka wajue zaidi, yeye hampi dawa hii mtu mwenye uvimbe. Baba hakuwa nao. Alisikia kila neno na akaitikia kwa kichwa.

Lakini shangazi alikuwa amemwona mdogo wake akipanda kilima cha Gihundwe bila kuhema, wakati yeye alipumzika kila kona. Akasema mezani, mbele ya wageni: "Dawa ya nguvu, unaikulaka peke yako? Mama alipokufa, nani alikubebaka mu mugongo?" Kwetu sisi tuliokulia ng'ambo ya mpaka, dawa ni kama ugali. Ikiingia nyumbani ni ya wote, na anayeificha atasemwa mpaka msibani kwake. Kesho yake baba alitafuta wembe.

Damu yake ikagoma kupanda. Daktari akatazama majibu, akakunja uso.

"Mzee, unazimeza?"

"Nazimezaka, dokta. Kila siku."

Hakusema uongo, na hilo ndilo lililonichoma. Daktari akasema akiikuta damu palepale safari ijayo, ataisimamisha dawa. Ilikuwa chache, na waliokuwa wakiisubiri walikuwa wengi.

Nikamfuata shangazi sokoni. Nilimweleza yote kwa sauti ya chini, nimeinama juu ya samaki wake ili wenzake wasisikie. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaushika mkono wangu na kuuingiza chini ya blauzi yake, kwenye titi. Kulikuwa na kitu kigumu, kama kokwa ya parachichi.

"Iko hapa tangu zamani," akasema. "Najua."

"Basi hii dawa inaweza kuilisha, shangazi. Dokta hana hakika, lakini inaweza. Twende hospitali."

Akacheka. "Unataka baba yako apone, miye nioze. Sema tu hivyo." Akafungua kikaratasi chake, akaimeza ile nusu kwa mate akinitazama machoni, halafu akamgeukia mteja.

Jioni nilimwambia baba kuhusu titi. Alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na uchafu. Nilidhani nimeshinda. Asubuhi nikausikia wembe ukigonga mfuniko.

"Utamuua," nikamwambia.

"Weye haukubebwaka mu mugongo yake," akasema. "Nikimunyima, atakufa na kinyongo yangu. Hiyo siwezi."

Basi siku ya daktari nikaropoka. Nilisema nusu, nilisema shangazi, nilisema titi. Daktari aliweka kalamu chini na kumgeukia baba. Baba alikaa wima kwenye kiti, amevaa koti lake la kanisani.

"Huyu mutoto anadanganya, dokta. Hii dawa haikubaliani na mwili yangu."

Nilimchukia saa ile, na sijui kama nimeacha. Daktari alitutazama wote wawili, akamchagua mzee, kama alivyolelewa. Dawa ikasimamishwa.

Jumapili iliyofuata shangazi alikuja. Alikuwa amekonda, beseni lilikuwa limebaki Bukavu, lakini ulimi ulikuwa uleule. Baba alikuwa kwenye kiti karibu na redio, akihema kwa sababu alikuwa ametoka tu kufunga kamba za viatu. Shangazi akanyoosha kiganja mbele yake.

"Zimeisha, yaya," akasema baba.

Shangazi hakumwamini. Alipapasa nyuma ya redio, akapapasa tena, akatoa mkono wenye vumbi na kuupangusa kwenye kitenge.

"Umezikula zote? Peke yako?"

Nilimsubiri baba aseme kwamba dawa ilisimamishwa. Midomo yake ilikuwa myeupe. Alivuta pumzi, akavuta nyingine, kisha akainamisha kichwa.

"Unisamehe, yaya," akasema.