Chai Nyeusi ya Kiogoro

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkemia wa Mkoa hakunionyesha maabara. Alinipeleka kwenye chemchemi chini ya kilima cha Nyanchwa, pale Kisii, akanipa chupa tupu. "Isuuze kwa maji yaleyale unayochukua, Madam, kisha uijaze pomoni. Ukiacha hewa ndani umeharibu kazi." Alikuwa mkali, na sikumpenda hata kidogo.

Kazi yetu ilikuwa kujua mwamba unayapa maji nini. Mvua ikipenya udongoni hupata asidi kidogo, nayo huula mwamba polepole. Kule Tabaka kwenye mawe ya sabuni, yale laini ya kuchonga vinyago, maji hubeba magnesi. Penye mwamba mweusi hubeba chuma. Vijana wa siku hizi huchovya kifaa, nambari zikatokea, wakaenda zao. Haya. Sisi tulikaa pale chemchemini, na ukikaa na watu utasikia mambo yao.

Nilifanya kazi Nyamira miaka kadhaa, kisha nikarudishwa Kisii. Hapo ndipo niliposikia habari ya Mama Kerubo wa Kiogoro. Mumewe alikuwa amefariki. Kwenye matanga, kabla ya mazishi, alipika strungi, chai isiyo na maziwa, kwa maji ya chemchemi mpya ya bondeni kwake. Chai ikatoka nyeusi kama masizi. Waombolezaji wakaimwaga. Shemeji yake, Mzee Onsongo, akasema mbele ya watu kwamba hiyo ndiyo sumu iliyomuua ndugu yake. Tangu hapo hakuna aliyeonja kitu kwa yule mama, na vijana wa kijiji walikuwa wameanza kumwita mchawi na kutaja kiberiti.

Nilipima yale maji, nikakuta chuma tele. Kikiwa kimeyeyuka majini hukioni, lakini kikikutana na majani ya chai, chai hugeuka nyeusi. Nikampelekea habari Afisa wa Maji, mkubwa wangu wakati huo.

"Andika ripoti," akasema. "Uchawi si idara yetu."

"Itasomwa na nani, bwana mkubwa?"

"Itawekwa kwenye faili."

Faili! Nilikasirika mno. Nikaenda mwenyewe kwa Mzee Onsongo, nikamwomba strungi ya maji ya mvua ya paa lake. Mkewe akaileta, nyekundu safi. Nikamwomba mzee msumari wenye kutu kutoka zizini kwake, autumbukize kikombeni kwa mkono wake. Tukaongea habari za mvua na ndizi. Alipokitazama tena kikombe, chai ilikuwa nyeusi.

"Ni chuma tu, Madam?"

"Ni chuma tu, mzee. Mwamba wa kule unacho kingi. Hospitali ilisema ndugu yako alikuwa na nini?"

"Moyo," akasema, akainamisha kichwa.

Akavaa kofia, tukateremka pamoja kwa Mama Kerubo.

Nimestaafu sasa. Chemchemi ile ina chujio la mchanga, na ripoti yangu nadhani bado iko kwenye faili. Nikiulizwa nilifanya nini miaka yote hiyo, husimulia siku ile. Mzee Onsongo aliomba chai. Mama Kerubo akaipika kwa maji yaleyale, akasimama mlangoni na birika mkononi, akimwangalia shemeji yake akinywa mpaka tone la mwisho. Kisha akaketi sakafuni, akaanza kumlilia mumewe kwa sauti. Siku ya mazishi hakuwa amethubutu.