Klasta ya Mtumba na Kilomita za Mume Wangu

Msimu wa mahindi ukikaribia, kanisani kwetu Kiminini tuna desturi ya kuombea magari. Akina mama wa maombi hupita gari baada ya gari na maji yaliyobarikiwa, wakinyunyiza tairi, injini na viti. Kwa lori langu hawakunyunyiza, walimwaga. Walijua naliendesha mwenyewe tangu mume wangu afariki, wakanihurumia, na huruma yao yote ikateremka kikombe kwa kikombe juu ya dashibodi. Mimi nilikuwa nimefumba macho nikiitikia amina.

Nilipowasha, kile kibao cha geji nyuma ya usukani, ambacho mafundi wanakiita klasta, kilipepesa taa zake zote kwa pamoja kisha kikawa giza. Lori lilitembea vizuri tu, lakini halikunionyesha tena kasi, wala dizeli, wala joto la injini. Hayo ningeyavumilia. Kilichoniuma ni kilomita. Mume wangu alilinunua lori lile likiwa halijatembea sana, akalizungusha Kitale, Webuye, Bungoma na Bumula miaka nenda miaka rudi, na safari zake zote zilikuwa zimejumlishwa pale katika mstari mmoja wa tarakimu. Picha zake ninazo. Nguo zake tuligawa, kama ilivyo kawaida. Lakini jasho lake la kila siku halikuwa limeandikwa mahali pengine popote.

Nikawa napima dizeli kwa kuchovya mwanzi ndani ya tangi. Kasi nilikadiria kwa kuangalia bodaboda: wakinipita wote, najua niko sawa. Watu wa stendi walinicheka, na mimi nikacheka nao, maana ningefanya nini.

Baadaye nikapata klasta ya mtumba mjini Kitale, iliyotoka kwenye lori kama langu. Fundi wa pale, mcheshi wa umri wa mwanangu, akaichomeka. Lori likanguruma kidogo, likazima. Akawasha tena, likazima tena. Akanieleza kwamba klasta ile bado ilikuwa inatafuta gari lake la zamani, na lazima ifundishwe upya kwa kompyuta. Halafu, akiangalia zile kilomita za wenyewe zilizokuwa zinawaka pale, akaniuliza kama muuza nyama anavyomuuliza mteja:

"Sasa mathe, nikuwekee ngapi? Ata naeza punguza ikae ni kama imetoka Japan jana."

Alidhani ananifanyia hisani, na wapo wengi ambao wangemshukuru. Mimi nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka moto. Nikamwambia arudishe klasta yangu ya giza mahali pake, na ile ya mtumba nikailipia nikaibeba. Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyekataa soda ya bure. Hata hivyo leo namshukuru kwa moyo wote, kwa sababu ndiye aliyenielekeza kwa fundi wa umeme wa magari huko Bungoma, karibu na msikiti, ambaye, kama alivyoniambia, huhamisha kilomita zote bila kupunguza hata moja.

Fundi huyo alikuwa mtu wa makamo, na hakugusa chochote kabla ya kuniuliza kama nataka kuuza lori. Ndivyo anavyowauliza wote. Anayetaka kupunguziwa kilomita ili amdanganye mnunuzi hupewa chai, kisha huonyeshwa njia. Nilimweleza yote, hata habari ya maji. Akacheka mpaka akavua miwani, kisha akaniomba radhi. Akasema akina mama hao wananipenda, ila mwaka ujao niwasihi waishie kwenye tairi.

Akanipa habari njema na mbaya pamoja. Kwa kuwa lori bado linawaka na klasta ya zamani, chipu yake ya kumbukumbu ilikuwa hai, na kilomita zilikuwa humo. Lakini ili azisome lazima aing'oe, na ikivunjika, basi. Hakutaka kuendelea mpaka niseme kwa kinywa changu mwenyewe. Nikasema ng'oa.

Chipu yenyewe ilikuwa ndogo kuliko punje ya harage, na miguu yake ilikuwa imeshika kutu ya kijani. Aliing'oa taratibu, akaiweka kwenye kifaa chake, na kompyuta ikaonyesha mistari ya sifuri. Akajaribu tena. Sifuri tupu. Nilihisi kama naambiwa upya kwamba mume wangu amekufa, na safari hii ni mimi niliyetoa ruhusa.

Yeye hakubabaika. Aliisugua miguu ile kwa mswaki na spiriti, akailaza juani juu ya kitambaa. Adhana ya alasiri ikasikika.

"Wacha ikauke, mama," akasema. "Mimi naenda kuswali."

Nikabaki kulinda chipu. Kuku wa jirani aliizunguka akiinyemelea, na nilimfukuza kwa ukali ambao sijawahi kumwonyesha kuku mwingine. Nilikuwa naomba pia, kwa maneno yangu mafupi, bila maji.

Aliporudi, kompyuta ilisoma. Akanakili kila kitu kwenye klasta ya mtumba, utambulisho wa lori na kilomita pamoja, akaifunga mahali pake, akanyoosha mgongo.

"Si ukuje uwashe wewe mwenyewe."

Lori likawaka na halikuzima. Mishale ya geji ikapanda, na chini yake tarakimu zikatulia. Nilizijua mara moja, nikalia bila haya, na fundi akageukia ukuta akajifanya anakunja nyaya. Nitamshukuru kwa hilo pia maisha yangu yote.

Nilipotulia akaniuliza kwa upole marehemu aliishia ngapi, na mimi nilianzia ngapi. Nikajaribu kukumbuka. Wiki ya mazishi ndugu walilitumia lori kubeba viti na maturubai, na siku niliyopanda mimi kwa mara ya kwanza macho yalikuwa yamejaa machozi, sikuangalia. Nikamwambia sijui.

"Basi usitafute," akasema. "Ni zenu."

Siku hizi mtu akiniuliza lori limetembea kiasi gani, namjibu kwamba tumetembea sana.