Nyaya Mbili za Jina la Wakoli

Kwa miaka thelathini na mmoja Phelista Nakhungu alifundisha fizikia katika shule ya wasichana kule Sirisia, na hakuna daftari lililotoka mezani pake na kosa ambalo halijapigwa mstari mwekundu. Alikuwa mtu wa kusoma kitu mara tatu. Ndiyo sababu asubuhi ile ya Jumanne, chai ikipoa mbele yake, aliufungua tena mchoro alioutuma Kitale siku nne zilizopita, ausome mara ya nne, ingawa kazi ilikwisha kumtoka mikononi.

Mchoro wenyewe ulikuwa wa marehemu mumewe, Zachary Wakoli, fundi wa mashine za kutotoa vifaranga. Kutoka Malakisi hadi Kibabii, mtu akisema "nimenunua Wakoli" ilijulikana amenunua nini. Zachary alichora saketi zake kwa penseli daftarini, kila ukurasa na sehemu yake ya mashine, na kila waya aliupa jina la mtu wa ukoo. "Namba nitasahau," alizoea kusema, "lakini nitamsahau shangazi yangu?"

Alipofariki, Phelista hakukubali jina lile lizikwe naye. Akiwa na miaka sitini na miwili alijifunza programu ya kuchorea saketi kwenye kompyuta, akalihamisha daftari lote, ukurasa kwa ukurasa. Jambo lililomfurahisha zaidi ni kwamba humo waya hauhitaji kuchorwa mwanzo hadi mwisho. Unaandika jina kwenye ncha moja, unaandika jina lilo hilo kwenye ncha nyingine, hata ikiwa ukurasa wa tatu, na programu inazihesabu kuwa waya mmoja. Hakuna mstari kati ya ncha hizo, lakini bodi, ule ubao unaobeba saketi, ikitengenezwa, umeme utapita. Na ukiubofya waya mmoja, wenzake wote wenye jina hilo huwaka manjano.

Basi akaubofya waya mkuu wa volti kumi na mbili, ambao Zachary aliuita Wakoli kwa heshima ya baba yake. Ukawaka. Akafungua ukurasa wa pili. Pale pembeni, waya mwembamba wa kipimajoto nao ulikuwa ukiwaka manjano.

Alilikimbilia daftari. Ukurasa ule wa pili ulichorwa mwaka aliozaliwa kitindamimba wao, aliyepewa jina la babu yake kama ilivyo desturi, na Zachary kwa furaha akampa mtoto waya wake: Wakoli. Kwenye karatasi halikuwa tatizo. Babu alikaa ukurasa wake, mjukuu naye akakaa wake, na fundi alijua nani ni nani. Programu haikujua mambo ya ukoo. Na Phelista, yule wa kusoma mara tatu, alinakili kama alivyokuta.

Kipimajoto kile huvumilia volti tano. Zikiingia kumi na mbili kitaungua, hita haitajua wakati wa kuzima, na mayai yatachemka ndani ya maganda yake.

Akampigia Kigen, mtengenezaji wa bodi kule Kitale.

"Mwalimu! Umeamkaje?"

"Zile bodi, Kigen. Umefika wapi?"

"Sita ziko tayari. Moja kati ya hizo imeenda. Lenah wa kikundi cha Malakisi alipitia hapa jana, akasema hawezi kungoja."

"Hizo tano usimpe mtu."

Akakata simu. Nabwile, dada ya Zachary, alikuwa mlangoni na ungo wa kunde, na hakuondoka hadi aelezwe yote.

"Wifi, nisikilize vizuri. Usiseme kaka yangu alikosa. Sema ni huyo Kigen. Si yuko mbali?"

"Kigen hakukosa."

"Basi sema ni modeli mpya imetoka. Watu wanapenda vitu vipya."

Aibu ina ushawishi wake. Phelista alipompata Lenah, maneno yaliyomtoka ni yale ya wifi yake.

"Lenah, mama, kuna bodi nzuri zaidi inakuja."

"Ikuje tu, Mwalimu! Lakini hii tunawasha sasa hivi. Fundi anakaza skrubu ya mwisho. Tuna mayai mia mbili ya kienyeji, na akina mama wamekaa hapa na soda zao."

Phelista alifumba macho.

"Usiwashe. Bodi hiyo ni mbovu. Itaunguza mayai."

"Mbovu? Ya Wakoli?"

"Ya Wakoli. Na kosa ni langu. Mimi ndiye niliyenakili."

Akamsikia Lenah akimkemea fundi atoe mkono pale kwenye swichi, na nyuma yake sauti ya mwanamke, "Ati hata Mwalimu anaangukanga mtihani!" na kicheko cha kikundi kizima. Kicheko kile kilimwingia hadi kwenye mifupa.

"Mwalimu," Lenah akarudi, "haya mayai yanaweza kungoja siku ngapi?"

"Saba. Zisizidi."

"Basi uko na saba. Na uilete wewe mwenyewe, tukuone uso."

Phelista akarudi kwenye kompyuta. Nabwile akasimama nyuma yake. "Baba usimguse," akaonya. Phelista akaufuta waya wa mtoto jina, akaandika Kitindamimba. Akambofya babu. Waya wa ukurasa wa pili ukabaki mweusi. Akabofya tena kuhakikisha.

Alikuwa karibu kuutuma mchoro kwa Kigen kidole kiliposimama hewani. Waya wa feni, ukurasa wa kwanza, uliitwa Nabwile.

"Wifi," akasema polepole, "ukoo huu una akina Nabwile wangapi?"

Nabwile akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza. "Wanne. Na mimi ndani."

Phelista akavua miwani, akaifuta kwa pindo la leso, akaanza kuusoma mchoro upya, jina kwa jina.