Kidole Changu Kwenye Barua ya Ilaria

Ule mwaka tulikula muhogo. Asubuhi muhogo na chai ya rangi, mchana muhogo wa nazi, na jioni ukiuliza kuna nini watazamwa kama mtu aliyetoka safarini, kwa kuwa unga wa sima ulikuwa umepanda mpaka wenye maduka wenyewe walikuwa wakiona haya kutaja bei. Ndio mwaka nilioaibika mbele ya watu, mimi Bi Tima wa Takaungu, na sitaficha, maana walionicheka bado wapo na kila mmoja ausimulia mkasa wangu kwa namna yake, afadhali muusikie kwa mwenyewe.

Kwangu alikuwa amepanga chumba msichana wa Kitaliano, Ilaria, mrefu, mkimya, nyayo zake hazina sauti, hata nikizinduka katika usingizi wa adhuhuri nikimwona mlangoni na ile nuru ya uani nyuma yake, nilikuwa sijui kama nimeamka au naota bado. Alikuja kutembea tu. Akaonja mbaazi zangu za nazi akasahau kuondoka. Nikamfunza kupika, na nampenda, lakini ukweli niuseme: mkono wake ulikuwa mzito, mahamri yake hayakufura, yalilala kwenye mafuta kama kandambili. Hata hivyo Bwana Faraji, meneja wa hoteli moja kule Watamu, alimpenda, akataka kumwandika kazi awapikie wageni chakula cha Kiswahili (nilicheka mpaka nikashika nguzo: Mtaliano awakaangie Wataliano mahamri!).

Sasa, mgeni mwenye viza ya kutembea haruhusiwi kufanya kazi mpaka apate kibali, na kibali chataka mwajiri aeleze kwa nini kazi ile hakupewa mtu wa hapa. Ilaria alikuwa amebakisha siku kumi na mbili. Asipopata, arudi kwao. Hilo nililijua vyema, na lilinikaba roho kila niliposikia mlango wa chumba chake ukifunguka asubuhi, kwa kuwa tangu wanangu waolewe nyumba ile ilikuwa imenizidi ukubwa.

Basi akaja Bwana Faraji na karatasi. Nami nipo karaini, mikono mafuta matupu, na wanawake watatu wamekaa wanangoja mahamri.

"Ni barua ya kumsifu Ilaria tu, Bi Tima. Weka sahihi hapa chini."

Ningesema, nisomee. Neno moja tu! Lakini wale wanawake walikuwa wananitazama, na mimi (shule niliiacha nikiwa bado sijaota meno ya ukubwani) nikaona haya. Nikaichukua ile karatasi, nikaikazia macho, nikatingisha kichwa kama kadhi, nikasema, "Umeandika vizuri," kisha nikabandika kidole gumba chenye mafuta, kikaacha doa kubwa kama kaimati.

Siku ya kwenda kwa watu wa uhamiaji, Malindi, nilijifukiza udi, nikavaa buibui langu la harusini. Gari la hoteli lilikuwa baridi, limenyamaza, mikanju inapita dirishani, kisha mikoko ya Mida, kisha mikanju tena, na Ilaria ameniegemea begani kama mtoto, nami nikaona kwa macho yangu, kama vile mtu aonavyo ndotoni, akiwa mzee pamoja nami pale uani, anachagua mchele, mahamri yake yamefura kama mito. Laiti gari lile lingeendelea kwenda tu.

Ofisini tukaitwa. Afisa alikuwa kijana wa bara, mpole, shati limenyooka. Feni inazunguka polepole juu yake. Akaishika barua yangu.

"Shosho, hii barua ni yako?" (Shosho, yaani bibi kizee! Mimi!)

"Ni yangu."

"Hebu nikusomee kwa Kiswahili, tuhakikishe." Akasoma, na sauti yake, wallahi, ilikuwa safi kama ya muadhini, mpaka wa benchi la nyuma walisikia: "Mimi, niliyepika katika harusi za Takaungu kwa miaka arobaini, nathibitisha kuwa ujuzi wa mahamri, mbaazi za nazi na samaki wa kupaka umepotea hapa pwani. Mimi mwenyewe siujui tena. Ninayemfahamu aliyebaki nao ni Ilaria pekee, raia wa Italia."

Nilidhani naota. Niliitazama ile feni, nikangoja niamke.

Nikaamshwa na sauti ya jirani yangu Mwanahamisi, aliyekuwa kwenye benchi kumshughulikia bintiye pasipoti. "Ati nini? Bi Tima, basi harusini kwa Maimuna ulitupikia nini, majani ya ng'ombe?"

Benchi zima likaangua kicheko. Mzee mmoja nisiyemjua akasema, "Mwacheni, bibi wa watu amekiri mwenyewe." Na hapo damu ikanipanda.

"Nimekiri nini? Huyu? Huyu nimemfunza mimi! Mpaka leo tui la kwanza na la pili humchanganyikia! Waulizeni huko hotelini, tangu mwezi wa Rajabu awalisha mahamri bapa, na wageni wayala kwa adabu tu!"

Bwana Faraji akakohoa. Akakohoa tena. Ilaria akafumba macho. Afisa akaweka kalamu chini.

"Kumbe ameshaanza kazi?"



"Anajifunza tu, bwana," akasema Faraji.

"Kujifunza na kulisha wageni ni vitu viwili tofauti," akasema afisa. Kisha akanigeukia, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Hayo mengine nitayaandika. Lakini nakuuliza mara moja tu, mama, kidole ni chako: maneno haya ni ya kweli? Ndiyo au la?"

Ilaria akanishika mkono chini ya meza. Vidole vyake vilikuwa baridi. "Nyanya," akaninong'oneza, "nakuomba."

Ndiyo moja tu, pengine pangepatikana pa kushika. Nilimtazama, nikamtazama Mwanahamisi, nikawaona na waliolala makaburini, mamangu na mamake, wamesimama nyuma ya lile benchi na miiko mikononi, wanangoja nitakalosema.

"Sisemi sijui na hali najua."

Faili likafungwa. Tuliporudi mikanju ilikuwa ileile, ila hakuniegemea. Zilipokwisha zile siku zake akafunga sanduku, akanikumbatia mlangoni kwa muda mrefu, hakunilaumu hata kwa neno. Mjini nao hawakunihurumia: kwa mwaka mzima nikipeleka sahani mahali naulizwa, "Umepika mwenyewe au Mtaliano?" Tangu hapo hata risiti ya umeme naisomesha mara mbili, na kidole changu hakigusi karatasi nisiyosomewa, watazame watakaotazama.

Mfungo uliopita simu ililia, nami nimejinyoosha mkekani, nusu nimelala. Alikuwa ni Ilaria. Akanieleza kuwa mahamri yake sasa yafura. Kisha akasema kwa haraka, kama mtu anayeogopa kukatiwa simu, kwamba Bwana Faraji bado amtaka, ataandika barua nyingine ya maneno yaleyale, nami nitasomewa yote, herufi kwa herufi.

"Nyanya, safari hii utasema ndiyo? Nije?"

Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi, na pazia likipanda na kushuka kwa upepo. Nalitaka kumwambia njoo, mwanangu, njoo leo. Nikaishika simu kwa mikono miwili.

"Sisemi sijui na hali najua."