Swichi ya Lori kwa Mguu wa Mpiga Solo

Mpiga solo wetu alikuwa mwembamba, ukimwona kwa ubavu unafikiri ameenda nyumbani. Lakini majivuno yake ungepakia kwa lori, lori ikatae kupanda mlima.

Bendi yetu pale Busia ilikuwa na amplifaya moja yenye mashimo mawili. Shimo moja inatoa sauti ya pole, ya kusindikiza mwimbaji. Ingine inatoa sauti kubwa ya kutetemeka, ya solo. Sasa solo ikikaribia, mimi ndiye naweka kayamba chini, nachomoa plagi ya gita hapa, nadunga pale. Hiyo kazi ndiyo ilikuwa inanilisha kuku kila Jumapili, kwa sababu kayamba hata mbuzi anaweza kupiga.

Siku moja huyo kijiti akaniambia, "Wewe, baada ya Jumapili hii hatutakuhitaji tena. Nimevumbua swichi ya mguu."

Kuvumbua! Alikuwa ameng'oa ile swichi dereva anakanyaga kubadilisha taa, ful na dim, kwa lori iliyokufa nyuma ya duka ya tajiri mmoja wa magari. Akaifunga ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia. Waya ya gita inaingia, waya mbili zinatoka, moja kwa kila shimo. Risasi ya kulehemu, ya kushika hizo waya, aliyeyusha na msumari wa moto, mpaka nyumba ikanuka kama shetani ameunguza ugali. Akawasha. Amplifaya ikanguruma, viboko wa Sio Port kule ziwani wakajibu! Bwana mvumbuzi alisahau kuunga ile waya ya nje, ile ya kusukwa inayozunguka waya ya gita kuzuia kelele. Alipoiunga kwa mkebe kelele ikakata, akatuangalia kama yeye ndiye aliumba stima.

Jumapili mchana tukaenda Malaba, kwa baa ya mama mmoja mwenye jenereta. Alisema tukimfurahisha, kazi ni yetu kila wiki. Mimi nilibeba kayamba yangu nikijua kuku wa leo ni wa kuagana.

Solo ikafika. Akakanyaga. Wapi! Swichi ilizoea buti ya dereva, sasa inaguswa na mguu wa korongo. Akairukia na miguu mbili, to! Ikaenda, akateleza akaikanyaga tena, ikarudi. Solo ikatoka kama mgonjwa anaomba maji. Mwimbaji akaanza tena kuimba, jamaa akaruka tena, gita ikalipuka ikammeza mwimbaji mzima. Kwa lori kuna taa ndogo mbele ya dereva inakuonyesha uko ful. Kwa mkebe, hakuna. Akapotea kabisa.

Dereva mmoja Mganda wa lori ya pamba akapiga kelele, "Ssebo, bwana, unatuwashia ful usoni! Weka dim!"

Watu wakacheka mpaka bia ikamwagika. Mama mwenye baa akaja mbele. "Nyinyi ni bendi ama mnaua mende? Zamani mlikuwa mnafanyaje?"

Mwimbaji akanisonta na mdomo. "Huyu ndiye alikuwa anabadilisha."

"Si abadilishe basi!"

"Mama," nikasema, "kwanza kiti."

Akaleta. Nikakaa kama chifu, nikaweka juu ya mkebe hii kisigino yangu, ambayo ingelima mashamba ya Adungosi yote bila jembe. Solo, to! Mwimbaji, to! Laini kama siagi.

Kazi tukapata. Na tangu siku hiyo mvumbuzi anasimama, mimi nimekaa na sahani ya kuku. Solo ikikaribia ananiangalia na macho ya kuomba, na mimi namaliza kutafuna kwanza.