Chupa Niliyomsuuzia Mgeni

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya taasisi moja hapa Kamina nilikabidhiwa koti jeupe na kabati la chupa za kioo. Nyumbani kwetu, nyumba ya Kimethodisti, nilifundwa hivi: mgeni humpi kikombe kabla hujakisuuza mbele ya macho yake.

Ninyi mnaoanza kazi hii, nivumilieni. Ninaandika nikisimama na kukaa, situlii. Magnesiamu, metali nyepesi, tuliikwaruza kwa kisu mpaka ing'ae, tukaitia kwenye etha, kimiminika chepesi kuliko petroli, pamoja na bromidi, kemikali ya kuungana nayo, na punje ya ayodini ya kuiamsha. Etha ikianza kuchemka yenyewe, umepata kitu chenye hasira. Kidondoshe polepole kwenye ubaridi wa chumvi na barafu ya wauza samaki, nacho kitashika upande mmoja wa molekuli na kuuacha wa pili salama. Kazi yenyewe ni huko kuchagua. Lakini maji kidogo tu yanakiua kitu hicho.

Ilunga, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, alikausha chupa yake kwa moto asubuhi nzima. Etha ilikuwa ya mwisho. Nyingine ingekuja na treni, na treni zetu mnazijua. Alipotoka kufuata barafu, akaingia profesa mgeni. Mgeni! Nikaisuuza ile chupa ya Ilunga kwa maji, nikaifuta, nikairudisha mahali pake kwa fahari.

Ilunga aliporudi akaitia magnesiamu humo na etha yote; ikalala tu, bila hata povu. Mkuu wa kazi akainua chupa kwenye mwanga.

"Iko na maji! Nani alikausha?"

"Ni minyi, Chef," Ilunga akamjibu mkuu.

"Haukukausha muzuri. Toka mu labo yangu."

Nilikuwa bado kwenye miezi ya majaribio ya kazi, ningeweza kufukuzwa. Nikanyamaza.

Ilunga alirudi kwao Kabongo bila diploma. Mimi nikapanda hadi fundi mkuu, chini ya wakurugenzi watatu, wote wakisema hakuna anayekausha chupa kama Mama Ngoie. Sifa hizo zilinichoma.

Nimestaafu, lakini kupumzika sijui. Mwezi uliopita nilimkuta Ilunga sokoni, mvi tele, mwalimu wa shule ya msingi. Kabla sijafungua mdomo akacheka:

"Mama, batoto ba kalasi yangu nabaambiaka: muangalie muzuri kazi yenu. Minyi niliharibisha maisha yangu juu ya uzembe."

"Ilunga, haikuwa weye. Ni minyi nilisukula ile chupa na maji."

Kicheko kikakatika.

"Ulijua tangu ile siku?"

"Tangu ile dakika."